Siku sita nikimfuata Kaini: Brussels, Saint-Denis, Orsay

Jumatano

Basi limeondoka Brussels saa nne asubuhi, likatufikisha Paris, kituo cha Bercy, saa nane na ushei. Mvua njia nzima. Barabara yenyewe sina la kuisimulia.

Niseme kwanza nimefuata nini huku. Kazi yangu ni kubeba wagonjwa hospitalini huko Brussels, mwaka wa tisa sasa: kutoka wodini kwenda eksirei, kutoka eksirei kwenda chumba cha upasuaji, na wengine, ile safari ya mwisho, kwenda ghorofa ya chini kabisa. Mwaka jana mwenzangu wa zamu alistaafu. Alipokuwa akisafisha kabati lake alinipa kalenda ya zamani. Ukurasa wa Machi ulikuwa na picha ya watu waliovaa ngozi za wanyama, wanatembea jangwani, wamebeba machela ya miti. Juu ya machela kuna mwanamke na watoto. "Hawa ni watu wa kazi yetu," aliniambia. Chini ya picha paliandikwa: Fernand Cormon, *Kaini*, 1880.

Nilibandika ukurasa ule jikoni kwangu. Kila nikichemsha chai naiona machela, na kila nikiiona nakumbuka barabara ya Manyovu, kwetu Tanzania karibu na mpaka wa Burundi, mwaka 1993. Basi nikaomba likizo ya siku chache nikaione picha yenyewe, maana niliambiwa ina upana wa mita saba na kimo cha mita nne. Ukurasa wa kalenda haunielezi mita saba ni nini.

Nimefikia Saint-Denis kwa shangazi wa rafiki yangu, mama wa Ujiji aliyekaa Ufaransa miaka mingi. Shangazi wa rafiki yangu ni shangazi yangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Pole na safari. Umekonda, au ni hilo koti?"

Ameniwekea ugali na dagaa wa kuunga kwa mawese aliyoyanunua Château Rouge. Nimekula mpaka nikaona haya.

Alhamisi

Leo ndiyo siku. Alhamisi makumbusho ya Orsay yanafungwa saa nne kasorobo usiku, na jioni watu hupungua, kwa hiyo niliondoka saa kumi. Treni ya chini ya ardhi, laini ya 13 hadi Invalides, kisha kwa miguu kando ya mto Seine.

Jumba la Orsay lilikuwa stesheni ya reli. Lilijengwa kwa ajili ya Maonesho ya Dunia ya 1900, na ukiingia bado unaliona lile paa la upinde na saa kubwa ya ukutani inayotazama abiria wasiokuwepo. Ilipofika 1939 treni za masafa zilikuwa zimekuwa ndefu kuliko majukwaa yake, stesheni ikabaki na treni za vitongoji tu. Wakati wa vita ilitumika kutuma vifurushi kwa mateka, na vita vilipokwisha mateka wale wale walipokelewa hapo hapo wakirudi makwao. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1986. Habari hii ya mateka niliisoma nikiwa kwenye foleni, na ilinikaa moyoni: picha ya watu wanaokimbia imetundikwa katika nyumba ambamo watu walipokelewa wakirudi.

Nilimwuliza mlinzi, akaninyooshea mkono. Sikuhitaji kusoma kibao.

Kitu cha kwanza kilichonipata ni vumbi. Ardhi ya picha hii ni kavu, ya rangi ya udongo uliochomwa na jua, na Cormon ameipaka rangi nene, nzito, mpaka ukisogea unaona mikwaruzo yake. Mbele anatembea Kaini, mzee, nywele zimetimka, mwili umebaki mishipa na mifupa. Nyuma yake ukoo wake wote. Machela ni magogo yaliyofungwa pamoja, na juu yake mwanamke ameketi, macho yamemtoka kama mtu aliyepigwa na habari asiyoielewa. Watoto wamemlalia. Pembeni mwa machela yananing'inia mapande ya nyama mbichi, damu bado inaonekana. Mwanamume mmoja hakubeba machela, amembeba msichana mikononi. Mbwa wanafuata. Vivuli vya watu hawa ni virefu, vinaburuzika chini kama vimefungwa miguuni mwao.

Nilisimama pale karibu saa nzima. Niliangalia miguu. Mtu wa kazi yangu huanza na miguu: wabebaji wakipishana hatua mgonjwa anayumba, na mmoja akiwa mfupi uzito wote unamshukia yeye. Cormon aliyajua haya. Inasemekana kila mtu aliyemchora alimweka mbele yake, mtu hai, akamsimamisha mpaka akampata. Mimi naamini, kwa sababu migongo ile imebeba kitu kweli. Mtu aliyejifanya amebeba mzigo hakazi shingo namna ile.

Kisha nikaangalia macho. Kazini tunafundishwa kwamba wa mbele anaangalia njia na wa nyuma anamwangalia mgonjwa. Nikatafuta katika ukoo ule nani anamwangalia yule mama. Sikumpata.

Nilikuwa na Biblia ya marehemu bibi yangu mfukoni, ile ya toleo la Union yenye kurasa zilizogeuka rangi ya chai. Nikafungua Mwanzo, sura ya nne. Kaini amemwua Habili shambani, ameulizwa ndugu yako yuko wapi, amejibu kwa lile jibu lake, je, mimi ni mlinzi wa ndugu yangu? Amelaaniwa awe mtoro duniani. Ndipo anamwambia Mungu: "Adhabu yangu imenikulia kubwa, haichukuliki."

Haichukuliki. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni nikidhani maana yake ni haivumiliki tu. Leo, mbele ya machela ile, nimelisikia kama linavyotamkwa kazini. Kuna mzigo mtu mmoja hawezi kuuchukua. Na picha nzima ya Cormon ni jibu la nini hutokea baadaye: unachukuliwa na wengine. Vijana wale hawakumwua mtu. Mtoto aliyelala juu ya magogo hamjui Habili. Lakini wanatembea, wamebeba, wanabebwa, jua linawachoma kwa kosa lililofanyika kabla hawajazaliwa.

Hapo ndipo Manyovu iliponijia. Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na siku chache baadaye watu walianza kuvuka kuja kwetu. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Tulikaa juu ya ukingo wa barabara tukawaangalia wakipita: magodoro, mbuzi, sufuria, baiskeli isiyo na matairi. Siku ya tatu au ya nne ilipita ingobyi, machela ya mianzi iliyosukwa, imebebwa na wavulana wanne. Mkubwa hakuzidi miaka kumi na sita. Ndani yake alikuwa mama, na pembeni ya mama mtoto mchanga. Mama yule alikuwa na macho haya haya. Nimeyaona kwa Cormon, aliyechora miaka zaidi ya mia moja kabla, katika jiji ambalo hakuna mtu wa Manyovu aliyelijua.

Kwa Kirundi neno ingobyi ni la machela na pia la mbeleko ya kumbebea mtoto mgongoni. Bibi alituambia hivyo jioni ile, akiwapikia.

Nilitoka walipotangaza kufunga. Shangazi hakuwa amelala.

Ijumaa

Asubuhi nilikwenda boulevard de Clichy namba 104. Hapo ndipo Cormon alipokuwa na karakana yake ya kufundishia uchoraji. Toulouse-Lautrec alisoma kwake, Émile Bernard alisoma akafukuzwa mwaka 1886, na mwaka huo huo Van Gogh alihudhuria kwa miezi michache tu. Leo watu wanapanga foleni Orsay kwa ajili ya Van Gogh, na wengi wanampita mwalimu wake bila kugeuza shingo. Sikasiriki, Van Gogh ananigusa hata mimi. Lakini naumia kusikia picha kama *Kaini* ikiitwa ya kitaaluma, yaani ya kufuata kanuni za shule, kana kwamba ni tusi. Cormon alifunzwa na Cabanel, mkubwa wa wachoraji wa aina hiyo, na kabla yake alipita Brussels kwa mwalimu Portaels. Alijifunza mfupa, msuli, mwanga, turubai kubwa na kisa kizito. Kwa kisa hiki alihitaji vyote.

Picha ilitundikwa kwanza kwenye Saloni ya 1880, onesho kubwa la kila mwaka ambalo mchoraji wa Ufaransa alipata jina au alilikosa. Serikali ikainunua. Na orodha ya Saloni haikuiweka na maneno ya Biblia, iliiweka na beti za mshairi Victor Hugo: Kaini na wanawe waliovaa ngozi za wanyama, nywele zimetimka, katikati ya tufani, wakimkimbia Mungu.

Kwa hiyo mchana nilikwenda Place des Vosges, kwenye nyumba aliyokaa Hugo toka 1832 hadi 1848. Vyumba vina mapazia mazito mekundu na sakafu inalia. Nilikaa dirishani nikasoma tena kisa chenyewe katika simu yangu. Kaini wa Hugo anakimbia, na kila anapofika anaona jicho angani linamtazama. Wanawe wanampigia hema la ngozi, jicho liko. Wanamjengea ukuta wa shaba, liko. Wanajenga mji mzima wenye minara. Mwisho anaomba achimbiwe kaburi akae chini ya ardhi peke yake, na humo kaburini jicho linamngoja.

Ni wanawe wanaojenga. Yeye anaomba, wao wanachimba.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba Hugo mwenyewe alikuwa mkimbizi alipoyachapisha hayo, mwaka 1859. Baada ya mapinduzi ya Desemba 1851 alitoroka Paris kwa pasipoti yenye jina la mtu mwingine, akaja Brussels. Kwetu! Alipanga Grand-Place, mahali ninapokatiza nikitoka zamu ya usiku. Kutoka hapo akaenda visiwani, na hakurudi Ufaransa mpaka 1870. Kwa hiyo mistari ile ya watu wanaotangatanga imetungwa na mtu aliyejua kulala na begi limefungwa. Nadhani ndiyo sababu Cormon hakuchora ukuta, mji wala jicho. Alichukua mwanzo tu, mwendo. Kaini wake hatazamwi na jicho lolote ila letu.

Jioni nilimsimulia shangazi. Alisikiliza akichambua mchele, kisha akasema: "Huyo sisi tunamwita Kabili. Mungu alimletea kunguru akafukua ardhi, ndipo akajua namna ya kumsitiri nduguye. Imo katika Sura ya Maida. Hakuwa amewahi kuona mtu akizikwa, masikini." Akanyamaza. "Akawa mwenye kujuta."

"Shangazi, twende wote Jumapili."

"Mimi na masanamu, mwanangu?" Akafikiri. "Huyo si mtume. Nitakuja."

Jumamosi

Jardin des Plantes. Nilifuata habari kwamba Cormon, baada ya *Kaini*, aliitwa kupamba ukumbi wa mihadhara katika jumba jipya la mifupa na visukuku, lililofunguliwa mwaka 1898. Humo alichora watu wa kale, wawindaji na wafua chuma wa kwanza. Ukumbi huo sikuuingia. Niliingia kwenye jumba la mifupa lililo wazi kwa wageni, na nililolikuta humo sikulitarajia.

Mifupa ya wanyama mamia kwa mamia, nyangumi, tembo, vifaru, swala, nyani, yote imepangwa ikielekea upande mmoja, mlangoni. Msafara. Ukiingia unakutana nao uso kwa uso, kundi zima linakujia. Watoto wa shule waliokuwa mbele yangu walinyamaza wote kwa mara moja.

Hapo nilielewa kitu kuhusu ngozi zile na magogo yale.  Mwaka 1868 wajenzi wa reli huko Les Eyzies, kusini-magharibi mwa Ufaransa, walifukua mifupa ya watu wa Cro-Magnon, na kizazi cha Cormon kilikua kikibishana kuhusu watu wa enzi ya mawe. Yeye akachukua kisa cha Mwanzo akakivika miili hiyo. Hakumtupa Kaini kwa ajili ya mifupa, wala mifupa kwa ajili ya Kaini. Nilikulia katika nyumba ambamo mjomba mwalimu wa historia na babu mzee wa kanisa waligombana juu ya jambo hili kila Krismasi, na ningependa wangeiona picha hii wakiwa hai.

Tena sisi Watanzania tuna msafara wetu, wa zamani kuliko yote Cormon aliyoweza kuyawaza. Laetoli, kusini mwa Oldupai, kikosi cha Mary Leakey kilikuta mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka milioni tatu na laki sita iliyopita. Nyayo ndogo kandokando ya nyayo kubwa, zote upande mmoja. Mwalimu wetu alizichora ubaoni kwa chaki, na sisi tukavua viatu tukapima zetu.

Jambo jingine, na hili nimelibeba muda mrefu. Mungu alimtia Kaini alama ili mtu asimwue. Ilikuwa ulinzi. Walitokea wahubiri huko Marekani enzi za utumwa wakafundisha kwamba alama ile ni ngozi nyeusi, na uongo huo ulifika mbali. Mimi niliusikia kwa mara ya kwanza Ulaya, kwa mgonjwa mmoja niliyekuwa nikimpeleka eksirei, mzee, aliyenisemesha kwa upole kabisa kama anayenieleza hali ya hewa. Sikumjibu. Nilimfunika blanketi miguuni maana korido ina baridi. Alhamisi niliitafuta alama katika picha, nikijua fika ninachokitafuta. Hamna. Cormon ameweka jua, vumbi na uchovu kwa wote sawasawa.

Jumapili

Jumapili ya kwanza ya mwezi Orsay ni bure, na Paris yote ilikuwa imelijua hilo. Shangazi alivaa kitenge chake cha kijani na mtandio, akashika mkono wangu tangu mlangoni.

Alipofika mbele ya picha hakusema neno. Akasogea mpaka mlinzi akakohoa. Akarudi nyuma. Akaenda upande wa msichana aliyebebwa mikononi, akarudi kwenye machela. Watu walitupita wakipanda juu kwa Van Gogh.

"Hii nyama wamewahi kuiwinda saa ngapi, na wanakimbia?" aliuliza.

"Njiani, shangazi."

"Basi wana siku nyingi njiani." Kisha, baada ya muda: "Na huyu mama. Anaitwa nani?"

Nikatoa Biblia ya bibi. Kaini akamjua mkewe, naye akachukua mimba, akamzaa Henoko. Kaini akajenga mji, akauita kwa jina la mwanawe. Mji una jina. Mtoto ana jina. Wajukuu mpaka kizazi cha sita wana majina. Mkewe hana.

"Tafuta vizuri."

Nikatafuta tena, nikamsomea kwa sauti mpaka mwisho wa sura, wake wawili wa Lameki, Ada na Sila, wale wametajwa. Yeye hakutajwa.

Shangazi akafungua mkoba, akatoa leso, akafuta miwani yake. "Amezaa huyu," alisema. "Mtazame alivyokaa. Mwanamke aliyezaa juzi hukaa hivyo, anauegemeza mwili upande mmoja. Mimi nimezaa sita, siwezi kukosea. Na hakuna hata mmoja anayemgeukia."

Sikuwa nimemwambia kwamba na mimi nilitafuta macho hayo Alhamisi. Tulikaa kwenye benchi. Nikamweleza habari ya Manyovu, ingobyi, wavulana wanne, mtoto mchanga. Akaniuliza swali lile lile, la jina. Nikasema nilikuwa mtoto, sikuuliza.

"Mama yako hakuuliza?"

Jumatatu

Basi la kurudi ni la saa sita. Shangazi amenifungia dagaa kwenye gazeti na kunitakia safari njema mara nne.

Nimempigia mama kutoka Bercy, kabla ya kupanda. Mawasiliano Manyovu ni mazuri ukisimama karibu na kanisa, na alikuwa anatoka ibada ya asubuhi. Baada ya salamu nikamwuliza kama anamkumbuka mama aliyepita na ingobyi mwaka ule wa wakimbizi, mwenye mtoto mchanga.

"Aliyelala kwetu? Namkumbukaje nisimkumbuke, alilala siku mbili jikoni kwa bibi yako. Alikuwa amejifungua porini. Bibi yako alimkanda kwa maji ya moto."

"Wale wavulana walikuwa wanawe?"

"Wawili wanawe. Wawili walikutana nao njiani tu, hawakuwa ndugu, wakasaidia kubeba. Baadaye alikuwa akija kutoka kambini, anasaga muhogo pale mashineni, anapita kumsalimia bibi. Mpaka waliporudishwa kwao."

"Mama, alikuwa anaitwa nani?"

Hakufikiri hata kidogo. Akalitaja jina lake, kisha la mtoto, akanirudishia lile la mtoto kwa herufi kwa sababu basi lilikuwa limewasha injini na sikusikia vizuri. Nimeyaandika yote mawili nyuma ya tiketi ya Orsay, ile ya Alhamisi.